Kadi ya maktaba mkononi: jinsi ya kuzitembelea nyumba za kale za Massachusetts kwa nusu bei au bure

Mama yangu alipokuja Lowell kutoka Tanga kututembelea, wiki ya kwanza tulimzungusha madukani, ya pili tukampeleka kwa Waswahili wenzetu wa hapa na wa Worcester, ya tatu tukaishiwa pa kumpeleka. Kila mahali nilipopafikiria palikuwa na tiketi, na tiketi moja ukiizidisha kwa watu 5 inakuwa pesa ya chakula cha wiki nzima. Jirani yangu, mama wa Kikongo ambaye watoto wake na wangu hupanda basi moja la shule, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, "Dada, uko na kadi ya maktaba? Basi tiketi unayo tayari."

Mimi nilijua maktaba ni vitabu, kompyuta na meza za watoto kufanyia kazi za shule. Sikujua kwamba kaunta ileile inayoazimisha vitabu huazimisha pia pasi za makumbusho, na kwamba ukiwa na pasi hiyo unaingia kwa bei ya chini au bila kulipa kabisa. Tangu siku ile tumeshaingia nyumba 11. Naandika haya kwa ajili ya ndugu walioko Massachusetts na majimbo ya jirani ambao wamepita mbele ya nyumba hizi mara mia wakidhani si za kwao.

Ninaposema nyumba ya makumbusho sina maana ya jumba kubwa lenye vioo na mifupa ya wanyama. Ni nyumba ya watu, iliyoachwa na vitanda vyake, masufuria yake, saa yake ya ukutani na jikoni kwake, nawe unapitishwa chumba kwa chumba huku ukisimuliwa waliokaa humo. Eneo hili la New England lina nyingi mno. Sababu moja ni kwamba mwaka 1910 bwana mmoja, William Sumner Appleton, alianzisha chama cha kuzinunua nyumba za zamani kabla hazijabomolewa. Chama hicho leo kinaitwa Historic New England, na kinatunza nyumba zaidi ya 35 katika majimbo 5. Nyingine ziko mikononi mwa vyama vya historia vya miji, na nyingine za serikali ya shirikisho.

Hatua ya 1: Pata kadi

Maktaba za umma hapa ni za miji, kila mji una yake. Nenda na kitambulisho chenye picha na karatasi inayoonyesha unapokaa: bili ya umeme, mkataba wa nyumba, barua ya benki. Kwa kawaida pasipoti ya nyumbani inatosha kuwa kitambulisho. Kadi ni bure. Najua wapo wanaoogopa kaunta yoyote yenye fomu, kwa hiyo nasema wazi: mimi sijawahi kuulizwa habari za viza maktabani. Tena sheria ya Massachusetts inasema kumbukumbu za maktaba zinazomtambulisha mtu na anachokisoma si kumbukumbu za wazi kwa umma.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Maktaba zimeungana kikanda, ndiyo maana kadi ya Lowell inaweza kukuazimia kitabu cha Andover. Pasi haziendi hivyo. Maktaba nyingi huwapa pasi wakazi wa mji wao tu, au huwapa wao kwanza, kwa sababu zinalipiwa na fedha za mji au na kikundi cha wakazi kinachoitwa Marafiki wa Maktaba. Hawa Marafiki huuza vitabu vilivyotumika, mara nyingi dola moja au mbili kimoja, na pesa hizo ndizo zinazonunua pasi tunazotumia. Mnada wao ukiwapo, nenda ukanunue hata kitabu kimoja cha watoto.

Anayeishi popote katika jimbo anaruhusiwa pia kupata kadi ya Boston Public Library. Ichukue uwe nayo, ila soma masharti ya pasi zao kabla ya kupanga safari.

Hatua ya 2: Fahamu ni pasi ya namna gani

Ingia kwenye tovuti ya maktaba yako, tafuta sehemu ya pasi za makumbusho, na usome kila mstari. Utakuta namna tatu.

Kuna pasi ya kuchapa. Unaweka nafasi kwa namba ya kadi yako, unaletewa karatasi kwa barua pepe, unaichapa au unaionyesha kwenye simu. Ina tarehe yake, na siku ikipita haifai kitu. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu huifuati kaunta wala huirudishi.

Kuna pasi ya kadi ngumu, ya kuazima. Unaifuata kaunta siku ya safari au jana yake, na lazima irudi kwa wakati. Ukichelewa, maktaba nyingine hutoza faini ya kila siku, na ukiipoteza unaweza kudaiwa gharama ya kuinunua upya.

Na kuna kuponi. Unaichukua, unaiacha mlangoni kwa wenye nyumba, basi.

Kisha angalia pasi inafanya nini hasa, maana hapa ndipo watu hujikuta wanalipa wasichotarajia. Nyingine inasema nusu bei kwa watu 4. Nyingine inasema watu wazima 2 bure pamoja na watoto. Nyingine inapunguza dola chache kwa kila kichwa. Piga hesabu kabla. Tuseme, kwa mfano, tiketi ya mtu mzima ni dola 20 na ya mtoto dola 10, nanyi ni watu wazima 3 na watoto 2. Bila pasi ni dola 80. Kwa pasi ya nusu bei kwa watu 4, itumieni kwa watu wazima 3 na mtoto 1: mtalipa dola 35, na yule mtoto wa pili dola 10, jumla 45. Ukiipeleka pasi hiyohiyo kwa watu wazima 2 na watoto 2 utatoa dola 50. Usione haya kumwambia mtu wa mlangoni pasi ihesabiwe kwa wakubwa kwanza.

Kabla hujaweka nafasi, angalia pia kama una njia nyingine bora zaidi. Massachusetts kuna mpango unaoitwa Card to Culture, ulioanza mwaka 2017, ambao humwezesha mwenye kadi ya EBT (ya msaada wa serikali), WIC (msaada wa chakula kwa mama na watoto wadogo) au bima ya afya ya ConnectorCare kuingia makumbusho mengi bure au kwa bei ndogo sana. Familia nyingi zetu zina mojawapo ya kadi hizo mfukoni na hazijui. Kama unayo, iachie pasi ya maktaba familia nyingine.

Hatua ya 3: Chagua nyumba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba ndiyo safari.

Kwanza tenga zile zisizohitaji pasi yoyote. Nyumba ya Longfellow iliyoko Cambridge iko chini ya idara ya hifadhi za taifa, na kuingia ni bure. Humo George Washington aliweka makao yake mwaka 1775 wakati wa kuizingira Boston, kisha mshairi Longfellow akaishi humo miaka mingi. Nyumba alimozaliwa John F. Kennedy, Brookline, mwaka 1917, nayo ni bure. Zote mbili zina msimu, kwa hiyo tazama ratiba. Usipoteze pasi ya maktaba kwa mahali ambapo mlango uko wazi.

Ukiniuliza wapi pa kuanzia, nitakwambia Medford, Royall House and Slave Quarters. Si mbali na kituo cha treni cha Medford/Tufts. Isaac Royall alikuja hapo miaka ya 1730 kutoka Antigua, alikotajirika kwa miwa, na akaja na watu aliowamiliki. Kwa miaka ile yote, watu zaidi ya 60 waliishi hapo wakiwa watumwa. Mbele utaiona nyumba ya bwana, refu, ya fahari. Pembeni yake, hatua chache tu, kuna jengo la watumwa, na ndilo la pekee la namna hiyo lililobaki limesimama kaskazini mwa Marekani. Wengi wetu tulifundishwa kwamba utumwa wa Marekani ulikuwa wa kusini, wa pamba. Simama kati ya majengo yale mawili uone.

Humo ndimo alimoishi Belinda Sutton. Alizaliwa Afrika, akachukuliwa akiwa bado mtoto, akaitumikia familia ya Royall karibu maisha yake yote. Mwaka 1783, akiwa mzee, aliliandikia baraza la kutunga sheria la Massachusetts kudai sehemu ya utajiri ule, kwa ajili yake na binti yake mgonjwa, kwa sababu ulijengwa kwa jasho lake. Akapewa pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka. Malipo yakasimama, akadai tena, na tena. Isaac Royall mdogo, mwana wa yule aliyetoka Antigua, naye aliacha mali iliyoanzisha kiti cha kwanza cha profesa wa sheria Harvard, na ngao ya familia yake ilikuwa nembo ya shule ile ya sheria mpaka ilipoondolewa mwaka 2016. Mama yangu alisikiliza yote hayo nikimtafsiria kwa sauti ya chini, kisha akasema neno moja: "Pangani." Sisi wa Tanga tunajua bandari ile ilikuwa na biashara gani. Tulikaa nje kwenye nyasi muda mrefu kabla ya kuondoka.

Mahali pa pili ni Salem, na hapa Mswahili ana zaidi ya sababu moja ya kwenda. Mama yangu hadi leo akitaka kitambaa cheupe kizito, kisichopaushwa, husema "nipe merikani." Jina hilo lilitoka huku. Meli za Salem zilikuwa zikitia nanga Unguja tangu miaka ya 1820, zikileta nguo za pamba za viwanda vya New England na kuondoka na pembe, ngozi, karafuu na sandarusi. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said huko Maskati, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Sandarusi iliyochimbwa ardhini kwenye mrima ilipelekwa Salem, ikasafishwa katika kiwanda cha Jonathan Whipple, ikawa vanishi ya kung'arisha mbao. Kwa hiyo ukiingia nyumba za mabwana wa meli ukaona meza inang'aa, una haki ya kuuliza ilipakwa nini.

Mjini humo kuna jengo la forodha la mwaka 1819, lililoko chini ya hifadhi za taifa, ambako mizigo ya meli ilitozwa ushuru. Karibu yake ni nyumba ya Derby ya mwaka 1762. Kuna Peabody Essex Museum, ambayo asili yake ni chama cha manahodha kilichoanzishwa mwaka 1799, na ambayo pia inamiliki nyumba kadhaa za kale. Kwenye barabara ya Chestnut kuna Phillips House ya Historic New England, nzuri kwa anayetaka kuona upande wa watumishi: jiko, chumba cha vyombo, na habari za wahamiaji wa Ireland waliofanya kazi humo. Sisi tunaofanya kazi katika nyumba za watu tutazielewa habari hizo bila kufafanuliwa.

Na kuna The House of the Seven Gables, iliyojengwa mwaka 1668 kwa ajili ya nahodha John Turner. Watoto wangu waliipenda kwa sababu ya ngazi ya siri, nyembamba, inayopanda kando ya bomba la moshi. Mimi niliipenda kwa sababu ya Caroline Emmerton. Huyu mama aliinunua, akaitengeneza, akaifungua kwa wageni mwaka 1910 ili mapato ya tiketi yasaidie familia za wahamiaji waliokuwa wakimiminika Salem kufanya kazi viwandani. Shirika lake linaendelea na kazi ya kuwasaidia wahamiaji hadi leo.

Kama unakaa Connecticut, au unaweza kufika, kumbuka jina la Deep River. Mji ule mdogo na jirani yake Ivoryton vilitengeneza vibao vya kinanda kwa pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo zilipitia Unguja, zikiwa zimebebwa na wapagazi kutoka bara. Vipande vilivyokatwa vilipangwa chini ya mapaa ya vioo, vikapaushwa na jua kwa wiki nyingi. Chama cha historia cha Deep River kinatunza nyumba ya mawe inayosimulia maisha ya mji ule. Nyumba ndogo kama hizi mara nyingi hufunguliwa siku moja au mbili tu kwa wiki, na kiingilio chake ni kidogo au hakuna kabisa, basi pasi haina kazi. Kinachotakiwa ni kupiga simu kabla.

Concord, Lincoln na Quincy nazo zina nyumba nzuri za waandishi, wasanifu na marais. Ukiwa na mtoto anayesoma fasihi ya Marekani shuleni, mpeleke Concord, atakushukuru.

Hatua ya 4: Weka nafasi mara mbili

Hili ndilo kosa letu la kwanza, na liliniuma. Nilikuwa na pasi, nimeichapa, nimeikunja vizuri kwenye mkoba. Tukapanda treni, tukafika nyumba moja, ilikuwa Oktoba, na mlangoni tukaambiwa matembezi yote ya siku hiyo yamejaa. Pasi yangu ilikuwa halali. Lakini pasi inapunguza bei tu, haikuwekei kiti. Mama yangu alikuwa amevaa kanga yake mpya. Tulikula maandazi tuliyobeba kwenye benchi, tukarudi nyumbani.

Kwa hiyo: weka nafasi ya pasi kwenye tovuti ya maktaba, halafu weka nafasi ya matembezi kwenye tovuti ya nyumba yenyewe. Nyumba hizi ni ndogo, vyumba havibebi umati, kwa hiyo wageni huingizwa kwa makundi madogo kwa saa maalumu. Kwenye ukurasa wa tiketi tafuta mahali pa kuchagua pasi ya maktaba. Kama hapapo, piga simu uulize: "Nina pasi ya maktaba ya mji fulani, nahitaji pia kuweka saa?" Andika jina la aliyekujibu.

Anza kutafuta saa ya matembezi kwanza, ukishaiona iko wazi ndipo uchukue pasi ya tarehe hiyo, kisha urudi kuikamilisha. Ukitangulia kuchukua pasi, unaweza kukuta siku yako imejaa na umemnyima mtu mwingine. Maktaba nyingi hufungua nafasi za pasi wiki kadhaa kabla. Jumamosi na siku za likizo za shule huisha upesi, ila mtu hufuta, kwa hiyo chungulia tena jioni ya jana yake. Ukiona hutaweza kwenda, futa yako mara moja.

Na tahadhari ya saa. Tiketi ikisema 10:00 ni saa nne yetu. Najua kila mtu anajua, lakini mama yangu alijiandaa kwa saa kumi jioni.

Kuhusu miezi: nyumba nyingi hufunguliwa kuanzia Juni hadi katikati ya Oktoba tu. Nyingi hazina vipasha joto vya kisasa, kwa hiyo huwezi kuwatembeza wageni Januari. Otis House ya Boston, ya mwaka 1796, ni miongoni mwa zile ambazo zimekuwa zikifunguliwa hata nje ya msimu. Ukiweza, epuka Salem mwezi wa Oktoba. Mji unajaa watu wa sherehe za Halloween, treni zinajaa, na hata choo ni foleni. Juni na Septemba ni miezi ya amani.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Beba pasi, kitambulisho cha mwenye kadi, na kadi yenyewe ya maktaba. Mara nyingine hutaka jina la kwenye pasi lilingane na la kwenye kitambulisho, hivyo mwenye kadi awepo.

Kwa treni, laini ya Lowell na ile ya kwenda Salem zote huanzia North Station, Boston, na watoto wa miaka 11 kushuka chini husafiri bure wakiwa na mtu mzima. Kuegesha gari Salem ni ghali na ni taabu, bora treni.

Mzee wako akiwa na magoti mabovu, uliza mapema kuhusu ngazi. Ngazi za nyumba za miaka ya 1600 ni nyembamba, zimesimama wima, nyingine hazina pa kushika. Mara nyingi wenyeji wana albamu ya picha za ghorofani kwa wasioweza kupanda, na hukaa chini na mgeni wakamwonyesha. Mama yangu alifanyiwa hivyo mara mbili, kwa heshima kabisa. Kigari cha mtoto huachwa mlangoni, kwa hiyo mwenye mtoto mchanga aje na kanga ya kumbebea.

Kuleni kabla ya kuingia. Hakuna chakula wala maji ndani. Mkoba wa mgongoni uvaliwe mbele. Usiguse, usiegemee, usikae kwenye kiti chochote mpaka uambiwe. Watoto waambiwe hayo nyumbani, si mlangoni. Mimi huwapa wangu kazi: mmoja ahesabu mahali pa moto, mwingine atafute kitu ambacho bibi anacho Tanga. Wameshaona kinu, mbuzi wa namna yao wa kukunia, ndoo ya kisimani na pasi ya mkaa.

Hatua ya 6: Uliza

Mwanzoni kabisa, mfuate anayewaongoza umwambie, "Mama yangu hasemi Kiingereza, nitakuwa namtafsiria polepole." Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikatalia. Wengi huanza kusema taratibu zaidi, na hungoja nimalize. Uliza pia kama wana karatasi ya maelezo ya kila chumba, maana ukiisoma usiku wa kabla utaitafsiri vizuri zaidi.

Halafu uliza maswali. Waongozaji wengi ni watu wa kujitolea, wanaipenda nyumba ile kama yao, na swali zuri huwafurahisha kuliko sifa. Maswali yangu ni yaleyale kila nyumba. Nani alipika katika jiko hili, na alilala wapi? Sukari ya kwenye bakuli lile ilitoka wapi? Nani alifua mashuka haya? Pesa ya kujengea nyumba hii ilipatikana kwa biashara gani? Majibu ya maswali haya manne hukupa nusu ya nyumba ambayo haimo kwenye kijikaratasi cha wageni.

Katika sebule moja kulikuwa na kinanda kikubwa, kifuniko kimefunguliwa. Mama akanong'ona, "Hiyo ni pembe." Nikamwambia mwongozaji, mama mtu mzima wa makamo yake. Akasema ndiyo, vibao vile ni vya pembe ya ndovu. Mama akataka nimuulize kama ilitoka kwetu. Yule mama hakujua, akakiri, akatoa kijitabu chake akaandika swali. Tulipokuwa tunaondoka alitufuata hadi getini kuuliza neno "Zanzibar" linahusianaje na Connecticut. Tukasimama pale dakika 20, mimi katikati nikitafsiri, wazee wawili wakizungumza habari za ndovu.

Picha huruhusiwa mahali pengi bila mmweko, lakini omba ruhusa kwanza. Na kabla hujatoka, andika jina lako kwenye kitabu cha wageni, na mji wa kwenu. Mama ameandika "Tanga" kwenye vitabu 6.

Hatua ya 7: Rudisha pasi

Kama ni pasi ya kuchapa, umemaliza. Kama ni ya kadi ngumu, soma karatasi iliyobandikwa juu yake: maktaba nyingi hazitaki pasi itumbukizwe kwenye sanduku la nje la vitabu, zinataka mkono kwa mkono, kaunta. Hesabu saa ya kufunga kabla ya kupanga saa ya kurudi. Maktaba nyingi hufunga mapema Jumamosi, na wakati wa kiangazi Jumapili nyingine hazifunguliwi kabisa. Mkichelewa njiani, piga simu kabla hawajafunga, waeleze, na uwepo mlangoni kesho yake kabla hawajafungua. Kuna familia nyingine imeiwekea nafasi pasi ileile, imeshanunua saa yake ya matembezi, na treni yao inaondoka saa nne na nusu.